Nywele za Mama Chupa na Begi la Wifi Yake

Mama Chupa hana mtoto anayeitwa Chupa. Jina tulimpa sisi wa chumba cha pasi, pale nyumba ya wageni tunakofua na kunyoosha mashuka. Kila akifika kazini, hata hajaweka mkoba chini, atatoa kichupa cha kupulizia ajinyunyizie kichwani, fyu, fyu, fyu, kama anamwagilia mchicha. Ndani mna maji, mafuta ya nazi kidogo na tone la dawa ya kulainisha nywele. Usimuulize ya nini yote hayo. Atakuhutubia mpaka shuka liungue.

Lakini nisimcheke, nywele anazo. Nene, zimejiviringa zenyewe, kitana kikiziona kinaomba ruhusa kwanza. Kuziosha, anasema, si kazi. Mtu yeyote anaweza kuosha. Kazi iko kati ya kuosha na kuosha. Asubuhi anazinyunyizia na kuzifumua kwa vidole. Jioni anazipaka mafuta kwenye ncha, anazisokota mabutu makubwa makubwa, kisha anafunga kitambaa cha satini, kwa sababu pamba inanyonya mafuta na kukwaruza nywele, na satini inateleza. Mumewe, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, amezoea kulala na mtu aliyefungwa kichwa kama zawadi.

Basi msimu ule nywele zikaanza kukatika. Si zote. Za mbele kwenye paji, za pembeni, na za kisogoni. Tena kila asubuhi unga mweupe mabegani, kama mba, kwa mwanamke ambaye maishani hajawahi kuwa na mba.

"Mwenzangu, hebu nitazame kisogoni. Kuna nini?"

"Kuna upara unahamia," nikamwambia, "umeshaleta na mizigo."

Hakucheka. Akafunga mlango wa chumba cha pasi.

"Kuna mtu ananichezea nywele."

Sikumuuliza nani. Nyumba yao ina watu watatu: yeye, mumewe, na mdogo wa mumewe, binti aliyekuja kukaa nao asome ukunga. Binti mkimya. Anaosha vyombo hajatumwa, anafua hajatumwa, anapiga pasi hajatumwa. Mimi mtu wa hivyo simwamini hata kidogo, na nilisema.

"Anayefanya kazi zote hizo anatafuta nini?"

"Ndiyo hapo," akasema Mama Chupa.

Akaanza kuvizia. Alichora alama ya rangi ya kucha kwenye chupa, aone kama maji yanapanda au yanashuka. Hayakupanda. Akawa anainusa kabla ya kupulizia, na mimi nainusa baada yake. Mwishowe akaacha kurudi nayo nyumbani. Ikawa inalala kwenye sanduku langu la vifungo, na ufunguo ninao mimi. Nywele zikaendelea kukatika. Mtu mwingine angesema basi, chupa haina kosa. Mama Chupa akasema, "Umeona? Amehamia kwenye mafuta."

Mafuta nayo yakaja kulala kwangu, akawa anajipaka kabla hatujatoka kazini. Hali ile ile.

Tena siku hiyo hiyo yule binti akamwambia kwa sauti yake ya pole, "Wifi, mbona zinapukutika? Leo nikusaidie kusokota?"

"Umesikia?" Mama Chupa akaniambia. "Nikusaidie! Anataka kuja kuona kazi yake imefika wapi."

Ndipo akamkalisha mumewe chini: Jumamosi, mdogo wake arudi kwao. Na binti hakuwa na ndugu mwingine mji huu. Akitoka pale, chuo kimekwisha, na ndiyo kwanza ameanza kupelekwa wodini kujifunza kuzalisha.

"Na masomo yake?" nikamuuliza.

"Masomo yake yatanirudishia nywele zangu?"

Nikageuza shuka upande wa pili.

Ijumaa Mama Chupa alichelewa kuamka. Akaja kazini na kile kitambaa cha satini cha kulalia bado kichwani, juu yake kajitupia mtandio. Akavua mtandio, akafungua kitambaa, akakiweka juu ya meza ya pasi.

Kitambaa hakikulala. Kilikaa. Kilikaa mviringo, na umbo la kichwa chake, kama sufuria iliyogeuzwa.

Nikakibonyeza kwa kidole, kikalia kak. Nikakisugua, ukadondoka unga mweupe.

"Hiki kimetiwa wanga," nikasema.

"Wanga gani?"

"Huu tunaokazia mashuka, upo mwingine? Satini yako imekuwa msasa, mama. Unalala umejifunga msasa kichwani halafu unatafuta mchawi."

Msishangae kwamba hakugundua. Mikono yetu inashinda kwenye wanga kutwa nzima. Kitu kikiwa kikavu na kigumu, ndipo sisi tunakiona kisafi. Lakini yeye wala hakusikiliza maelezo. Macho yalimtoka.

"Si nilikwambia! Nimemkamata!"

Jioni nikafuatana naye. Mambo kama hayo sipendi kusimuliwa.

Tulikuta begi la binti limeshafungwa, liko mlangoni. Fundi baiskeli kakaa kwenye kiti anatazama sakafu. Binti mwenyewe anamalizia kupiga pasi. Nikatazama rundo lile la nguo. Foronya ngumu. Taulo ngumu. Soksi za kaka yake zimesimama zenyewe, zinangoja miguu tu ziondoke.

Mama Chupa akakirusha kitambaa juu ya meza. "Humu umetia nini?"

"Wanga, wifi."

Hata hakupepesa.

"Umesikia, mwenzangu? Anakiri mbele ya shahidi!"

"Si ulisema mwenyewe?" binti akasema. "Siku ile nafika. Ulisema hii ni nyumba ya dobi, hakuna kitu kinachoingia kabatini bila wanga na pasi, watu wasije wakatucheka. Nikakuuliza, kila kitu? Ukaniambia, kila kitu, huna masikio?"

Halafu kwenye kiti pakasikika kikohozi.

"Hata mimi hizo soksi zinanikata," akasema fundi baiskeli. Miaka yote namjua, ndiyo mara ya kwanza namsikia analalamika.

Mama Chupa akashika soksi moja, akaikunja, ikajikunjua. Samahani haijui, hakuumbwa nayo. Alichosema ni hiki: "Hilo begi linaziba njia. Lirudishe ndani."

Binti hakuondoka pale alipo.

"Nikilirudisha, kesho zikikatika tena?"

"Nitanunua satini nyingine."

"Nunua. Mimi sitaigusa. Wala mafuta yako, wala chupa yako. Nguo zako utafua mwenyewe, wifi. Na mlango wa chumba changu nataka uwe na kitasa."

"Kitasa! Ndani ya nyumba yangu? Unaniogopa mimi?"

"Nilikuwa nafukuzwa kesho kwa kosa nisilolijua. Nataka kitasa."

"Kesho nitatia," akasema fundi. Akanyanyuka, akalibeba begi mwenyewe mpaka chumbani.

Mama Chupa akabaki anahema. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chupa ya chai na vikombe. Akammiminia binti kwanza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akamtilia sukari, akakoroga muda mrefu, akakisukuma kikombe mbele yake.

Binti akakitazama. Akakinusa. Akakisukuma kirudi kilikotoka.

"Anza wewe, wifi."

Nilidhani pataanguka kitu. Mama Chupa alikichukua kikombe, akanywa mafunda mawili makubwa, macho hayabanduki usoni kwa yule binti, akakirudisha. Binti akangoja kidogo. Ndipo akanywa.

Mimi yangu nilijimiminia mwenyewe.