Ruhusa ya Kuishusha Nambari Tatu

Miaka ishirini na sita Seyfettin alisimama chini ya kreni nambari tatu, pale kiwanda cha meli cha Hasköy, akimwelekeza Rıfkı kwa mikono. Dereva juu, yeye chini, na hawakuhitaji neno. Kwa mdomo hawakuwezana hata siku moja. Wakikaa kunywa chai, dakika tano tu wameshakorofishana kuhusu mpira. Kelele za nyundo zilimla masikio, kiwanda kikafungwa, Rıfkı akafa, na kabla mwaka haujaisha Seyfettin akamzika mkewe. Majirani, kwa kuchoka kurudia maneno mara tatu, walimwinamishia kichwa na kupita. Yeye aliiita heshima. Heshima gani? Walimwacha peke yake.

Sasa ufuko ule wa ghuba ya Haliç ulikuwa unageuzwa uwe wa hoteli, maduka na njia ya kutembelea. Kwenye uzio wa mabati walibandika picha za watu wenye vikombe vya kahawa, wote vijana, wote meno nje. Seyfettin alikwenda ofisini kwa wajenzi na ombi moja tu: siku ya kuikata na kuishusha nambari tatu, aelekeze yeye.

"Bima haikubali, mzee wangu," Tuncay, msimamizi, alimpigia kelele sikioni. "Siku hizi ni redio. Na wewe, samahani, redio utaisikia kwa kitu gani?"

"Kwa magoti, kama nilivyokuwa naisikia mizigo ikitua," alijibu Seyfettin, akaondoka.

Siku yenyewe alisimama langoni tangu asubuhi. Shingo ndefu ya nambari tatu ilikuwa imeshakatwa, inaning'inia kwenye minyororo ya kreni mpya. Ikaanza kushuka. Mara mikono ya Seyfettin, ambayo haikuwahi kusema uongo kazini, ikapaa yote miwili na kupunga: simama!

Katika kazi ile, "simama" ya mtu yeyote hutiiwa, hata awe muuza mikate ya simit barabarani. Dereva akasimamisha. Kila mtu akaganda, akitafuta nani yuko chini ya mzigo. Hapakuwa na mtu.

Tuncay akaja mbio, uso umemwiva, akamfokea sikioni. "Umeona nini, mzee?"

"Sijaona kitu."

"Sasa?"

Aibu ikamshika Seyfettin. "Nilitaka ikae kidogo."

Tuncay akasikiliza redio, akasonya. "Dereva hasogezi. Anasema aliyesimamisha ndiye aruhusu. Haya, ingia, ruhusu, ushapata ulichotaka!" Akamvalisha kofia yake ya kazi.

Juu, nyuma ya kioo, uso mmoja ulimtazama yeye tu, ukingoja. Tangu Rıfkı afe, hakuna aliyemtazama hivyo. Seyfettin akatandaza kiganja, akakishusha taratibu, kisha taratibu zaidi, mpaka nambari tatu ikalala topeni bila kishindo. Akapishanisha mikono kifuani: tumemaliza.

Alipoinua macho, dereva alikuwa ameshageukia upande wa pili, anaongea na redio. Tuncay akaja kuchukua kofia yake.