Kuku Wanaongoja Chumba

Fundi seremala huyu ana vidole vinene kama mipini ya jembe, lakini vikishika penseli vinalainika kama vya mfuma vitambaa. Mkewe alimwambia, "Baba watoto, nikikanyaga tena patasi yako, chumba hiki cha kazi nawapa kuku." Si mwanamke wa kutania huyo, siku ileile kuku walionekana dirishani wakikipima chumba kwa macho. Fundi akapigilia mbao ukutani, akazitoboa matundu ya patasi, akachonga vigingi vya misumeno, na nyuma ya kila kifaa akachora umbo lake, kijue kwake ni wapi. Akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Tangu hapo hashushi kitu. Akitaka kukata ubao huenda kwa jirani, hukohoa kwanza, kisha huuliza kwa sauti ya mgonjwa, "Jirani, msumeno upo?"

Leo mguu wa stuli ya mkewe umelegea, naye huyo, mbio mlangoni.

"Wapi tena?"

"Kuazima nyundo."

"Na hiyo ya ukutani?"

"Nikisahau kuirudisha, kuku si watahamia?"

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Akaishusha nyundo mwenyewe, akagongelea mguu, akaitundika, kichwa cha nyundo kikitazama kinyume na mchoro. "Kuku watabaki bandani, mume wangu. Chumba ni chako, fanya kazi."

Fundi akajikaza. Akatazama dari, akatazama kucha. Mkewe alipompa kisogo tu, vile vidole vikanyemelea, vikaigeuza nyundo.

"Nimekuona," akasema mkewe bila kugeuka.