Jini Mahaba wa Adija

Jamani, watu wa Nangurukuru wana maneno! Adija akikataa mwanamume, wanasema ana jini mahaba anayemwonea wivu. Akilia peke yake kwenye karai lake la sambusa pale stendi, jini huyo huyo.

Likwata hawamtaji. Likwata, mumewe, alikuwa akizunguka vijijini kuchukua damu za watu vidoleni, zikapimwe malaria. Kijiji kimoja kikasema huyu ni mumiani, anazinywa. Siku hiyo Adija alikuwa amefuatana naye. Walimpiga hadi akakata roho, na mkewe wamemshika mikono, anaona. Roho inauma hata kusimulia.

Miaka ikapita, akajitokeza Shamte, fundi wa kuziba pancha, mpole, mcheshi. Adija akacheka tena. Alimpenda, wallahi! Lakini wazee wa Shamte wakaweka sharti: jini atolewe kwanza. Hawataki kijana wao akabwe kitandani na mwenye mke.

Naima, shangazi yake Adija, akaita mganga. Asubuhi ngoma ikaanza, ubani ukafukizwa, mbuzi akachinjwa. Ada ya kupunga jini inajulikana: jini akishapanda kichwani hupewa damu ya mbuzi, akinywa anaaga, na mwanamke yuko huru.

"Hata kama hakuna kitu, we kunywa tu, mwanangu," shangazi alimnong'oneza. "Funda moja, uolewe."

Adija hakusikia jini wala nini. Alisikia ngoma na njaa. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, damu ingali na moto. Upande wa pili wa ua Shamte alikuwa akimtazama, macho yanaomba. Naye alitaka, masikini, alitaka mno kuwa na mume na nyumba yenye kelele. Akalisogeza bakuli mpaka mdomoni. Mdomo ukagoma.

"Hakunywa," akasema, kwa sauti yake ile ile ya kuuzia sambusa. "Likwata hakunywa damu ya mtu. Mimi niinyweje hii?"

Akaliweka chini. Ngoma zikanyamaza.

Mganga akatikisa kichwa: jini kakataa kutoka. Wazee wa Shamte wakavaa makubadhi yao na kuondoka bila kuaga. Shamte akabaki kidogo mlangoni, machozi yakimlenga.

"Adija, si ungefumba macho tu?"

"Nilifumba, Shamte. Ndipo nilipomwona."