Kopta za Libuyu

Enzi zetu, mtoto wa mtaa wetu wa Mulongwe hakununuliwa kitu cha kurusha. Vakansi kubwa ya shule ikifika, mti wa libuyu, si mbuyu, uliokuwa nyuma ya shule yetu, kando ya mto, ulipasua maganda yake kama ndizi inayomenywa, na mbegu zikaanza kushuka. Kila mbegu ilikuwa na bawa moja tu, jembamba kama ganda la kitunguu, na ilishuka ikizunguka mpaka ukaona duara. Tuliziita kopta, kama helikopta. Wa rika langu mnazikumbuka, msijifanye watu wazima.

Tulipanda jiwe kubwa juu ya mto, tukazirusha zote pamoja, na yule ambaye kopta yake ilitangulia kugusa chini alikwenda kuchota maji ya wote. Mdogo wangu Bahati alichukia kuchota maji kuliko kuchapwa, ndipo akaanza uchunguzi wake. Alikata ncha ya bawa kwa wembe, kopta ikashuka mbio. Alitoa mbegu yenyewe akaacha bawa tupu, likapeperuka ovyo kama karatasi, halikuzunguka hata kidogo. Akabandika donge la bugali pale mbegu ilipokuwa, na lo, likazunguka tena! Mama yetu, aliyeuza visamaki vya ndakala sokoni na kurudi jioni akinuka ziwa, alikuta sufuria imechimbwa. Akasema neno ambalo nyumba nzima tulilirudia miaka na miaka: "Bugali iko ya kula, haiko ya kurusha."

Siku hizi kwenye ndoa za hapa Uvira kijana analeta kadrone kake ka kupiga picha, kanavuma juu ya vilemba vya wamama, halafu betri ikiisha anakaa pembeni kama mtu aliyefiwa. Kopta zetu hazikuomba umeme.

Bahati alisoma, akaondoka. Sasa yuko Ulaya, kwenye atelye ya kutengeneza mapanga yanayozunguka juu ya kopta za kweli. Siku moja alinieleza kwenye simu, kwa furaha ileile ya utoto, kwamba bawa la mbegu likizunguka, upepo mdogo hujiviringisha juu yake, karibu na ukingo wa mbele ulio mnene, na huo ndio unaolivuta juu lisianguke haraka. Wenzake na yeye wanataka mapanga yao yafanye vivyo hivyo. Nilielewa nusu. Nilichofurahia mimi ni sauti yake.

Maana nyumbani nilikuwa nimebaki mwenyewe. Mama tulikwisha kumzika, dada zangu wameolewa huko Sange na Bwegera, wana mambo yao. Jumapili nikitoka misa nilikaa na simu mapajani. Bahati alipiga, na kila mara aliulizia libuyu. Limeshapasua? Mbegu zinashukaje upepo ukitoka ziwani? Basi, aliniomba, nipande jiwe, nirushe moja, nimtumie video. Nilipanda na magoti yangu haya yanayouma, binti wa jirani akashika simu. Jambo lingine hakuuliza kamwe. Sikulalamika, kwani bila mti ule asingepiga kabisa.

Msimu wa mvua uliopita mto wetu Mulongwe ulitoka njiani, ukala ukingo, ukaling'oa libuyu na mizizi yake yote ukalipeleka ziwani. Nililia, nawaambieni ukweli, na sikuwa nalilia mti. Niliogopa Jumapili. Ndugu yangu angenitafuta kwa sababu gani tena?

Alipopiga sikuzungusha maneno. "Bahati, libuyu haiko tena. Mto iliibeba."

Akauliza polepole, akiniita yaya kama mdogo anavyomwita mkubwa wake:

"Na weye, yaya, uko na nani pale nyumbani?"

"Minye niko peke yangu."

Nilimsikia akivuta kamasi. Hakukata simu, wala mimi sikukata.

Jumapili iliyofuata alipiga tena. Sikuwa na mbegu wala video ya kumpa. Akaniuliza nimekula nini. Enzi zetu swali hilo lingetuchekesha, kwa sababu tulikula sahani moja watu tisa, na kila mmoja aliuona mkono wa mwenzake ukienda na kurudi. Sasa ndugu yangu ni lazima aulize.