Saa Mbili Kamili

Miche iliyooteshwa ndani huhamishwa jua likizama. Mche uliolelewa chini ya taa haujawahi kuliona jua lenyewe. Ukiutoa nje mchana, joto la Texas litaukausha kabla mizizi haijashika udongo. Ukiuhamisha jioni, una usiku mzima wa kutulia. Huku Dallas, katikati ya mwezi wa tano, jua huzama saa mbili na ushee, kwa hiyo mimi huanza saa mbili kamili. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua nilichokuwa nafanya.

Mwaka huo nilikuwa naotesha managu, ile mboga ya majani ya kwetu Kenya, ndani ya kabati la nguo, kwenye nyumba ninayopanga DeSoto, pembeni mwa Dallas. Mbegu nilipewa na binamu yangu anayeishi Sharpstown, kule Houston. Taa niliinunua mwenyewe, moja ndefu yenye mwanga wa zambarau.

Jumamosi moja mwenzangu wa kwaya alikuja kuchukua sare za kitenge. Aliuona ule mwanga chini ya mlango wa kabati, akafungua bila hodi, akachuma jani, akalitafuna.

"Ai, sista! Hii ni managu kabisa, kama ya shosho wangu kijijini!"

Tulicheka. Nilimfungia na chapati za kwenda nazo.

Haikupita wiki mbili kanisa zima likawa linajua kwamba nakuza bangi. Uchaguzi wa mwenyekiti wa akina mama ulikuwa umekaribia, na majina yaliyokuwa yanatajwa ni mawili, langu na la huyo mwenzangu wa kwaya. Yeye alisema tu kwamba ameona taa ya zambarau kabatini kwangu, na kwamba anayejua taa hizo ni za nini anajua. Kuhusu jani alilotafuna hakusema neno.

Texas si mahali pa kusingiziwa bangi, na kwa muuguzi kama mimi ndiyo kabisa. Leseni yangu ndiyo inayonilisha, ndiyo inayosomesha wanangu. Na kanisani kwetu nusu ya akina mama ni wauguzi, kwa hiyo maneno hayakuwa na safari ndefu kufika wodini. Bosi wangu aliniita, akafunga mlango, akanituma nikapimwe mkojo. Miaka kumi na minne kazini, na siku hiyo nilikojoa kwenye kikombe huku binti mdogo wa maabara amesimama mlangoni ananitazama nisije nikadanganya. Majibu yalitoka safi. Kufikia hapo uchaguzi ulikuwa umepita na mwenyekiti alikuwa yeye. Hakuna aliyeniomba radhi. Kwenye foleni ya chai nilimsikia mama mmoja mbele yangu akimnong'oneza mwenzake, "Lisemwalo lipo."

Nilimchukia yule mwanamke, sitafuti neno la kistaarabu. Nilikuwa nikiendesha gari kwenda kazini nikimjibu kwa sauti, peke yangu, mpaka siku moja nikapitiliza njia ya kutokea barabara kuu.

Sasa, ana tabia moja ambayo kanisa zima linaijua. Amekaa Marekani miaka mingi na saa zetu amezitupa. Akisema saa tatu, ana maana ya namba tatu iliyo kwenye simu yake. Aliwahi kutangaza mazoezi ya kwaya "saa nne", nasi tukafika saa nne asubuhi tukakuta mlango umefungwa. Yeye alikuja saa kumi alasiri, amepaka wanja, akatuuliza mbona tumenuna.

Mwezi wa tano ulipofika, aliwaahidi akina mama kwamba wageni wa kanisa kutoka Kenya watakula managu ya shambani kwake. Halafu akanipigia simu. Mimi! Sauti tamu kama ya mtu asiyenijua.

"Sista, naomba tu-seedlings kidogo. Nime-clear kaplace hapo backyard."

Nilimpa miche ishirini na minne, iliyo bora. Alipokuwa anaipanga kwenye buti la gari akaniuliza, "Na natransplant saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Saa mbili kamili?"

"Saa mbili kamili. Usichelewe."

Neno "usiku" lilikuwa limefika mdomoni. Nililimeza.

Jumamosi ya wiki hiyo alituma picha kwenye kundi letu la simu, amevaa kofia na glavu, jua la saa nane mchana likiwa utosini. Nilikuwa nakunywa chai. Niliongeza sukari.

Jumapili iliyofuata, kwenye chai baada ya ibada, alinisemesha kwa sauti ya wote kusikia.

"Sista, zile seedlings zako zilikuwa weak sana. Zote zimekufa."

"Ulizipanda saa ngapi?"

"Si uliniambia saa mbili? Two o'clock, on the dot."

Mama mmoja alipaliwa na mandazi. "Saa mbili ni usiku, mwenyekiti!" Meza nzima ikaangua kicheko, na wale waliowahi kukwama kwenye mlango uliofungwa ndio waliocheka zaidi. Yeye hakucheka. Alinigeukia.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Kama wewe ulivyojua kwamba ni managu. Si ulitafuna jani?"

Kicheko kilikatika. Yule mama wa "lisemwalo lipo" alikuwa ameketi kando yake. Aliweka kikombe chini, akamgeukia.

"Kumbe ulionja?"

Mwenyekiti alisukuma kiti, akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza chai.

Sijamwomba msamaha na sina mpango huo. Inayoniuma ni ile miche ishirini na minne. Yenyewe haikumsengenya mtu.