Hali ya Mvuke

“Hii si barafu, ni maji yenye kiburi!” Ndivyo mwalimu wa darasa la tatu anavyomgombeza mama muuza barafu kila akija kuchukua bonge la barafu la kufundishia somo la maada, akiligeuzageuza kwa vidole vya chaki. “Likiyeyuka njiani nitawafundisha nini?” Muuza barafu naye hamwachii: “Wafundishe kurudisha chupa za watu!” Maana chupa yake ya chai ilikwenda hospitali kwa mama mzazi wa mwalimu, ikiwa na barafu ya kumlowesha midomo. Kisha hucheka wote kioja kilekile cha darasani: mwalimu akiinua bonge na kuuliza, “Hii iko katika hali gani?” darasa zima huitika, “Nzuri, mwalimu!” badala ya kuchagua yabisi, kimiminika au mvuke.

Leo mwalimu amekuja na chupa mkononi, imesuguliwa hadi inang'aa. Bonge hakuligusa.

“Mama hali gani?” muuza barafu akauliza.

Mwalimu akafungua kifuniko, akachungulia ndani. “Ya mvuke, mwenzangu. Tulimzika kwao Jumamosi.”

Muuza barafu akaipokea chupa, akaijaza barafu ya somo, akaifunga, akamrudishia. “Kaa nayo. Hii haitayeyuka njiani.”