Unga Niliobeba Kwenda Makambini

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya ubatizo. Mimi na mdogo wangu Moraa tulikuwa tumekaa miaka miwili katika darasa la ubatizo la kanisa letu dogo, ng'ambo ya mji wa Kisii. Mwalimu akatuambia majina yetu yamepelekwa makambini karibu na Ikonge, ambako waumini wanaoshika Sabato walikuwa wakikusanyika. Vita vikubwa vya Wazungu vilikuwa vimekwisha miaka michache kabla yake. Mama alikufa kwanza, baba akafuata, nami nikaacha shule nikiwa darasa la tatu ili nimlee Moraa na wadogo wengine wawili. Mama alitaka sana tubatizwe. Mimi nilikuwa na sababu yangu pia: tangu mazishi, mahali pekee nilipoweza kuimba palikuwa kanisani.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mwalimu. Shamba la baba lilitushinda nguvu. Kwetu mwenye shamba huita majirani wamlimie siku moja, kisha huwapa pombe ya wimbi, yaani ulezi. Asiye na pombe hapati watu. Baba mdogo alikuwa amesema wazi, "Sehemu itakayolala msimu huu nitailima mimi," na nilijua akishailima hatairudisha. Kwa hiyo kila msimu nilipika pombe, na kila Sabato nilikaa darasani nikisikia kwamba mpika pombe habatizwi. Nikajiambia nitapika mara moja tu baada ya safari, kisha basi. Wimbi nilikuwa nimekwisha kuuotesha, kuukausha na kuusaga, na mfuko wake ulining'inia juu ya meko kando ya ule wa unga wa ugali.

Alhamisi alfajiri tuliwaacha wadogo kwa jirani. Nyumba ilikuwa na giza na moshi. Nilishusha mfuko wa unga uliokuwa umening'inia juu ya meko, nikajitwika. Moraa alibeba ndizi na nguo zetu za kubadilisha tukitoka mtoni. Mvua ya manyunyu ilitukuta kabla hatujafika Kisii, ikatusindikiza mpaka tukaupita mji. Barabara ilikuwa utelezi mtupu.

"Dada Kwamboka, maji ya mto yatakuwa baridi?" Moraa aliniuliza.

"Baridi kama haya ya mvua."

"Basi nitapiga kelele."

"Piga. Mchungaji atadhani shetani hajatoka, akuzamishe tena."

Alicheka mpaka akateleza. Nilicheka naye, ila mzigo kichwani ulinikumbusha ule mfuko mwingine niliouacha nyumbani.

Jioni tulifika Nyamira, tukapokewa na mwanamke mzee muumini aliyeitwa Bosibori. Tulimwita mong'ina, kama tunavyomwita mama wa umri wake kwa heshima. Alitupa moto na viazi vitamu. Aliuliza wazazi wetu wako wapi. Nilipomwambia, alinisogezea kiazi kingine, akasema, "Basi kesho nakwenda nanyi. Mtu hatoki majini akakosa wa kumpokea."

Ijumaa mchana tulifika makambini. Vibanda vya nyasi na majani ya migomba vilijaa kwenye mteremko, na kutoka kila upande watu walikuwa wakishuka na mizigo, wakiimba. Wa kwetu walidaka wimbo wa wale wa Keroka, wa Keroka wakaujibu, na watu wasiojuana wakashikana mikono kama ndugu waliopotezana. Mwanamke mmoja alinikumbatia na mzigo wangu bado kichwani. Kwa muda nilisahau nilichoficha.

Siku ya Sabato hakupikwi, kwa hiyo chakula chote kilipaswa kuwa tayari kabla jua halijatua. Mong'ina Bosibori aliinjika chungu kikubwa cha kibanda chetu, maji yakachemka, akamimina unga wangu. Alisonga. Ugali haukushika.

"Ongeza unga," wakasema wenzake.

Akaongeza. Kadiri alivyoongeza ndivyo ulivyozidi kulegea, ukawa kitu cha kahawia kinachotiririka kwenye mwiko. Mama mmoja alichovya kidole, akalamba.

"Mtamu!" akasema. "Jamani, leteni mirija!"

Wote waliangua kicheko, maana kwetu wanaume hunywa pombe kwa mirija mirefu, wakiuzunguka mtungi. Kisha kicheko kikakatika. Hakuna mwanamke wa Kisii asiyejua unga wa kimea, wa wimbi uliooteshwa kwa ajili ya pombe. Ule wa ugali nilikuwa nimeuacha nyumbani ukining'inia juu ya meko, nikabeba wa pombe umbali wa siku moja na nusu, nikauleta kwa watu wa Mungu wausonge.

Mong'ina alinivuta kando ya kibanda. "Mzee wa kanisa ataitwa," akaninong'oneza. "Kimea hutiwa pia katika uji wa mzazi, mwanamke aliyetoka kujifungua. Sema una mzazi nyumbani. Kesho uingie mtoni, mwanangu, mambo yaishe."

Moraa alinishika mkono. "Sema hivyo, dada. Tafadhali."

Mzee wa kanisa alikuja, mtu mpole mwenye kofia mkononi. "Unga ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Ni wa nini?"

Nilitazama chungu. Nilitamani sana kusema uji. "Ni wa pombe," nikasema. "Nawapikia wanaonilimia. Wa ugali umebaki nyumbani."

Alimgeukia Moraa, kisha akanitazama tena. "Mdogo wako anapika?"

"Hapana. Ni mimi peke yangu."

"Basi yeye kesho ataingia. Wewe utangoja mwaka mwingine, tuone." Hakuwa na ukali, na hilo liliniumiza zaidi.

Moraa hakusema nami jioni ile. Tulikula viazi vya watu wengine.

Sabato asubuhi tuliteremka mtoni chini ya ukungu. Nilikaa ukingoni na nguo kavu za Moraa mapajani. Kila jina lilipoitwa na mtu alipoinuka majini, mteremko mzima uliimba, wazee kwa watoto, na sauti zile zilinipita kifuani kama mtu anayefungua madirisha. Jina langu halikuitwa. Moraa alipozamishwa hakupiga kelele. Alitoka akitetemeka, mong'ina na mimi tukampokea, naye akaniegemea na maji yake yote.

"Ungesema uji," akaniambia sikioni, akilia.

"Najua."

Wakaanza wimbo mwingine nami nikaimba, kwa sababu sikuweza kutoimba. Nililia na kuimba, na furaha ya watu wale ilinizunguka bila kuniuliza niko upande gani wa maji.

Jumapili tuliagana na mong'ina Nyamira, tukalala njiani, tukafika nyumbani Jumatatu. Kimea kilichobaki mfukoni nilikipika uji.

Jumatano majirani walikuja na majembe kama nilivyokuwa nimewaita. Mkubwa wao alionja, akatema.

"Uji? Umetuita tuje kunyonya?"

"Ndicho nilicho nacho, baba. Pombe sipiki tena."

"Basi walimu wako wa Sabato waje wakulimie!"

Waliondoka wakicheka. Tulibaki sisi wanne, na mdogo kuliko wote hakuweza hata kuinua jembe. Tulilima vipande vichache mpaka jua likawa kali.

Alhamisi walikuja wanawake wanne wa kanisa letu. Moraa alikuwa amewaambia kila kitu, unga na mto. Walilima siku mbili, wakiimba zile nyimbo za makambini, na Ijumaa walikwenda mapema wakapike kabla ya jua kutua. Shamba lilikuwa limefika nusu, na mvua ya kupandia ilikuwa imeanza. Juma lililofuata baba mdogo aliingiza ng'ombe wake na jembe la kukokotwa katika nusu ya chini. Mpaka leo ni yake.

Msimu ule tulilala njaa siku nyingi. Nilikuwa nimefikiri furaha ya waumini ni kitu cha kwenda kukitafuta mbali, uvuke mto ndipo uwe nacho. Nilijifunza kwamba huja na majembe manne, huimba, na haitoshi shamba zima. Wanawake wale hawakuniuliza nitabatizwa lini. Mmoja alisema tu, "Kwamboka, shika mstari wako, tusonge," nami nikaushika.